Shuka Lililoliwa na Mchwa

Jumamosi, 9 Novemba 1974

Mchwa! Wamekula shuka la harusi la Swaumu, binti wa kaka Nassibu. Miaka miwili ya sindano yangu – mawaridi, majani, pindo lote. Leo nimefungua sanduku nilitoe kupiga pasi, nikakuta udongo mwekundu na matundu. Harusi Ijumaa hii inayokuja!

Kule tulikohama sanduku lilikaa juu ya mawe, majivu chini. Lakini lori la serikali lilipotushusha hapa kijiji kipya cha Ujamaa kila mtu alikimbilia kujenga. Kaka akasema liwekeni tu hapo chini, mawe tutatafuta kesho. Kesho ipi?

Shuka la kitanda cha bibi harusi hutoka kwa shangazi. Shangazi ndiye mimi. Na mama mkwe, Bi Kuluthumu, anakuja Alhamisi kutoka Igalula kukagua kitanda. Akitoa kasoro yule, Tabora nzima itajua. Na bafta ya kushonea shuka lingine madukani hakuna.

Nimelia. Basi.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua ya kwanza! Asubuhi kumbikumbi kibao, wanatoka kwenye kichuguu nyuma ya jiko. Wifi Mwanahawa, mama yake Swaumu, kawakaanga na chumvi, akanisogezea sahani: kula wifi, si ndio hao waliokula shuka lako? Nimecheka mpaka nikapaliwa. Wametula, tumewala, na watajenga tena. Hata nyumba yetu ya zamani sasa ni yao.

Nikalitandaza shuka juani, nikalitazama vizuri. Njia zao zinapinda, zinaachana, zinakutana tena. Nisingeweza kuchora vile. Siyazibi matundu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimefumua sweta kuukuu jekundu nipate uzi. Chini ya matundu naweka kanga yangu ya Uhuru – imepauka, laini! Nashona kingo tu, nikifuata walikopita mchwa. Wifi anasema nimerukwa na akili. Nikamwambia ashike ncha ile, aache maneno. Kashika.

Kifua kimefunguka. Vijumba, nguo, sisi wenyewe – kipi kinadumu? Nilikuwa najichosha bure kulinda mawaridi. Kesho namalizia pindo.

Alhamisi, 14 Novemba

Bi Kuluthumu kafika kwa treni, kisha kwa miguu. Shikamoo ya Swaumu kaiitikia kwa kichwa tu, moja kwa moja chumbani. Akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu. Akauliza, hawa si mchwa? Nikasema ndio wao, bi mkubwa. Swaumu anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua. Mama mkwe akageuza shuka aone upande wa nyuma – mama huyu kazi ya sindano anaijua! Akavua viatu. Akajinyoosha kitandani, eti aone kama uzi unakwaruza.

Sasa tuko barazani. Mpishi wa harusi anauliza, vitunguu vya kesho vikatwe au visikatwe? Wifi ananikonyeza niende chumbani nikamuulize mama mkwe kama kalikubali shuka. Nimefika mlangoni, nimerudi. Siendi tena!

Anakoroma.