Karatasi Nyuma ya Picha

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Makumbusho tumeyafunga leo kama kila Jumatatu. Bomba limepasuka juu ya chumba cha tisa – malaika waliochorwa darini wamelowa mpaka mapajani! – tukashusha picha zote. Picha ya mwanamke anayemenya tofaa nimeileta mwenyewe karakanani, ninapotengeneza picha. Bwana Mshauri, mkubwa wetu, anataka fremu yake ikaguliwe kabla ya kikao cha Jumanne ya wiki ijayo. (Mwite kwa jina lake tu uone atakavyovimba!)

Nikafungua kadibodi ya nyuma. Chini yake karatasi, imegandishwa kwa gundi. Mwandiko wa kizamani, ule wa shule za enzi za baba. Vijana wa ofisini hawawezi kuusoma hata herufi moja. Mimi naweza, baba alinifundisha mezani jikoni.

Adelsberger, ghorofa ya pili, chumba cha kulia. Septemba 1938. Na chini, jina la mchukuzi: A. Wessely.

Baba yangu.

Nikarudisha kadibodi. Misumari yote sita. Bwana Mshauri akapita, akauliza kama kuna chochote. Vumbi tu, nikasema. Mungu wangu, vumbi!

Jumatano, 4 Novemba

Bi Lotte Adelsberger, anayeidai picha ile, amekuja tena, amekuta chumba kimefungwa, mlinzi kamleta kwangu. Ana miaka sabini na sita, anatembea kwa fimbo. Ametoka ng'ambo, mji wa Haifa, kwa ajili ya picha hii, lakini akifungua mdomo ni mtu wa hapa hapa kabisa, anaongea kama marehemu bibi yangu. Anasema yule ni mama yake. Sisi kibao chetu kinasema mwanamke asiyejulikana, picha imenunuliwa kihalali kwa muuza picha.

"Tazama hilo ganda," akaniambia. "Refu, halijakatika. Mama alikuwa akimenya hivyo, likimkatikia kwa bahati mbaya anakasirika siku nzima!"

Yeye alipelekwa nje ya nchi Agosti ile ya 1938, peke yake, ana miaka kumi na sita. Mama alibaki. Baadaye akapandishwa treni ya mashariki pamoja na Wayahudi wengine, hakurudi. Picha nyingine ya mama hana hata moja.

Wakubwa wanataka uthibitisho kwamba ilitundikwa kwao. Bila huo Jumanne wanakataa, na yeye Jumatano anaondoka. "Mna malaika mia kwenye madari yenu," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeona kitu!"

Akacheka. Mimi nilikuwa naosha brashi ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 6 Novemba

Sikuandika jana. Nimeshika kisu mara mbili. Jina la baba liko pembeni kabisa chini, ukikata upana wa kidole limekwisha, la Adelsberger linabaki. Nani atajua?

Sijakata. Wala sijasema. Nimejichukia tu, na kazi haiendi.

Jumapili, 8 Novemba

Baba amekuja kula, kama kila Jumapili. Themanini na tatu, meno yake mwenyewe. Maisha yote amenieleza kwamba mwaka ule, nyumba za Wayahudi ziliponyang'anywa vitu, yeye alibeba vitanda na piano tu. Vitanda na piano!

Baada ya supu nikaweka mezani chupa ya jemu yake ya aprikoti, lebo aliyoiandika mwenyewe ikimwelekea. Nikasema: mwandiko huu nimeuona kazini, nyuma ya picha. Adelsberger.

Akaendelea kutafuta kijiko. Nilidhani hakusikia.

"Waliniambia andika, nikaandika. Mimi sikuiba."

Nikamuuliza kama mwenye nyumba, yule mama, alikuwepo.

"Alitushikia mlango. Akasema tuangalie fremu, isikwaruzwe." Akaisogeza chupa kando. "Akatugawia matofaa. Kila mtu moja."

Ukala? nikauliza.

"Nilikuwa na njaa, Traudl."

Nililia, nikamtukana baba yangu mzazi kwa jina nisiloweza kuliandika hapa. Akavaa koti. Mlangoni akauliza kama nitawaambia. Jemu ameiacha.

Jumanne, 10 Novemba

Naandika karibu na sinki la karakana, haraka.

Nimewaambia. Saa nne kasorobo, nimeingia ukumbi wa marumaru na picha mikononi, nikaigeuza mezani mbele yao, nikang'oa misumari. Bwana Mshauri akainama, akakunja uso. "Hii kama miguu ya kuku! Bi Wessely, hebu tusomee."

Nikasoma. Adelsberger, ghorofa ya pili, chumba cha kulia. Bi Lotte akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikasoma tarehe.

"Na hapo chini?"

Wino umefifia, nikasema. Nilikuja kusema yote, nimejiandaa usiku kucha – na mdomo wangu ukasema wino umefifia!

Bi Lotte akafungua mkoba, akatoa miwani. Nilisahau. Mjinga mimi, nilisahau kwamba na yeye amesoma shule za hapa.

Akasoma kimya, kidole juu ya karatasi. Kikafika pembeni, kikasimama. Kisha akaniangalia, si usoni. Kifuani, penye kibao changu cha jina.

Wengine walikuwa wanapongezana. Yeye akasema polepole, "Bi Wessely, niletee maji ya kunywa, tafadhali. Uniletee wewe mwenyewe."

Glasi imeshajaa. Imejaa zamani. Bomba bado liko wazi, na juu nasikia kiti kinavutwa, na fimbo ya Bi Lotte inashuka ngazi