Supu ya Mwani Bila Jiko

Mama mkwe wangu mpendwa,

Natumaini baridi ya Mokpo imepungua na goti limetulia. Sisi wazima, Ha-ram anakohoa kidogo tu. Mwanao bado hajapiga simu.

Umesema Jumamosi unakuja kumchukua mjukuu wako, maana chumba changu hapa Seoul hakina jiko, na mtoto asiyepikiwa supu ya mwani, ile anayokunywa mama akijifungua, siku yake ya kuzaliwa ni kama hana mama. Mama, jana, siku yake yenyewe, nilimpikia, kwenye maikrowevu. Nililoweka pakiti nzima ya mwani mkavu, nikasahau unavyoumuka, ukajaa beseni hadi sakafuni. Jirani yangu Bi Mal-ja akacheka: "We binti, unalisha mtoto au nyangumi?" Nikampa nusu. Uliobaki nikautia nyama na mafuta ya ufuta, nikafunika bakuli, kila mashine ikilia nakoroga na kurudisha.

Ha-ram alionja, akanisogezea kijiko. "Kunywa na wewe, Mama. Si wewe ndiye uliyenizaa?"

Basi njoo Jumamosi, tule pamoja. Ila kurudi, Mama, utarudi peke yako.

Mkweo akupendaye,
Da-hye