Mapigo ya Baba Miguuni mwa Noemi

Chicago

Dada yangu Modesta,

Shikamoo. Natumai mko salama hapo Ipuli, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lako limetulia tangu mvua zikatike. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo usiniulize kwanza, nitakueleza mwenyewe.

Huyo aliyekukabidhi barua hii ndiye Noemi. Bila shaka amekaa sebuleni kwako, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili na anatabasamu. Usihofu, hajui Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo soma taratibu hata mbele yake. Ila usicheke. Dada, huyu mtu namwonea wivu mpaka chakula hakishuki. Anaomba umpeleke Puge kwa Baba, na mimi nimeshika kalamu sijui kama nikuombe umpeleke au umrudishe stendi.

Ngoja nianze mwanzo. Unajua mchana nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Lakini mara tatu kwa wiki nakwenda kwenye kile kikundi nilichokutajia kwenye simu, ukanijibu, "Yaani Salome, umevuka bahari yote hiyo kwenda kupiga miguu chini?" Ndiyo Dada, na leo nikueleze vizuri. Tuko wanane. Tunavaa viatu vyenye vyuma kwenye kisigino na kwenye ncha, tunasimama juu ya mbao, wala hakuna ngoma, kinanda wala mwimbaji. Muziki ni miguu yetu basi. Watu wanakuja kama wanavyokuja kusikiliza kwaya, wanakaa kimya, wengine wanafumba macho kabisa. Na tumegawanywa vilevile kama kwaya ya parokia: wa ncha nyepesi ndio sauti ya kwanza, kuna ya pili na ya tatu, halafu kuna besi, wanaopiga kisigino. Mimi ni besi, mwaka wa nne sasa. Besi ikikosea wote wanapotea, lakini umewahi kusikia nani kamsifu besi?

Mwaka jana mwalimu wetu, bibi wa miaka sabini mwenye magoti ya msichana, alitaka kila mtu alete mapigo ya kwao. Nikapiga ya Baba. Yale anayopiga kwa njuga akicheza mbele ya mstari wa walimaji, majembe yakipanda na kushuka kumfuata. Yale anayosema ni ya wapagazi, kwamba yalitembea toka Unyanyembe mpaka pwani yakarudi. Nilipomaliza, mwalimu akatamka kwamba hicho ndicho kitakuwa kipande kikubwa cha onyesho. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa furaha hata basi nililiona halinitoshi.

Wiki iliyofuata akagawa sehemu. Ya kupiga peke yake, katikati kabisa ya kipande, akampa Noemi.

"Salome, wewe ni msingi," akaniambia. "Nikikutoa kwenye besi nyumba inaanguka. Noemi ana masikio mazuri. Mfundishe."

Msingi! Msingi unafukiwa, Dada. Huyo Noemi ana mwaka mmoja tu kikundini, umri wake ishirini na minne, na miguu yake ni myepesi kama ya mbuzi. Nikasema sawa, nikamfundisha. Na hapa naungama kwako kabla sijafika kwa padri: nilimfundisha nusu.

Unapakumbuka pale Baba anaposimama? Majembe yote yako juu, njuga kimya, hakuna anayepumua, halafu yanashuka kwa pamoja. Pale nilipaficha. Nilimpa mapigo yakiwa yamefuatana tu, hakuna pengo, kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe. Nilijua mwalimu atasema kuna kitu kimepungua, atageuka kuniangalia, nami nitasogea mbele. Mazoezi yote nilisubiri aseme. Hakusema.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana, ukumbi umejaa. Ilipofika sehemu ya Noemi wengine wote walinyamaza, nikabaki mimi nyuma yake na kisigino changu. Alikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Halafu alipofika palepale nilipopaficha, akasimama. Hakuna aliyemwambia. Alinyanyua mguu mmoja akauacha hewani, na watu wote wakabana pumzi. Katika ukimya ule ukasikika mlio mmoja wa chuma: ko! Kilikuwa kisigino changu. Nilipaficha vizuri mno, mpaka miguu yangu mwenyewe ikapasahau. Katika ukumbi mzima, aliyeharibu mapigo ya mzee wa Puge alikuwa binti yake.

Tulipokuwa tunavua viatu alinifuata. Nilijiandaa kwa matusi.

"Samahani," akasema. "Nilibadilisha bila kukuambia. Pale miguu ilikataa kuendelea. Je, kwenu kuna kitu pale?"

Ningeweza kusema hakuna. Nikamwambia kipo, na kwamba nilimficha makusudi. Macho yakamjaa maji.

"Basi nipeleke kwa aliyekufundisha," akasema.

Nimpeleke vipi? Karatasi zangu za ukaazi bado watu wa uhamiaji wanazishikilia, na nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Miaka sita sijamwona Baba, na huyu leo kaomba likizo, kesho yake ana tiketi mkononi.

Na hata hilo silo linaloniuma zaidi. Baba hakunifundisha, wewe unajua. Njuga alimfunga Deus, kaka yetu ambaye hata makofi ya kanisani anayachelewa. Mimi niliyaiba mapigo yale nikiwa kwenye tuta la karanga, nikiyapiga kwa vidole vya miguu ndani ya udongo ili asinione. Siku niliyomwomba alisema, "Wewe utaolewa, utayapeleka kwa watu." Sasa mtoto wa watu anakuja mwenyewe. Atamwamkia "mwangaluka" nilivyomfundisha, Baba atayeyuka, na kabla viazi vikavu vya matobolwa havijaisha kwenye ungo atakuwa ameinama anamfunga njuga. Namjua mzee wangu, mgeni hamnyimi kitu.

Barua hii nimeichana mara mbili. Katika ile ya kwanza nilikuomba umdanganye kwamba Baba kaenda Urambo kwenye msiba. Nikaogopa kumzulia mtu msiba, nikaichana. Ya pili ilikuwa ya adabu tupu, nikaisoma nikaona haikuandikwa na mimi.

Nisalimie shemeji kwenye ufundi wake wa baiskeli pale Kanyenye, umwambie picha ya duka lake niliipata. Nisalimie mama mdogo na biashara yake ya asali, watoto wote mmoja mmoja, na katekista wa Puge anayemsomea Baba ujumbe wangu. Hata Deus msalimie.

Noemi mpikie vizuri, Dada, ni mtu mwema, na hilo ndilo baya lake. Mpeleke Puge. Baba akizitoa njuga, usimzuie. Ila kabla hajakaza fundo, muulize kwa nini hakunifunga mimi. Muulize Noemi akiwa palepale, na Deus akiwepo. Halafu usinipigie simu kunibembeleza. Niandikie alichosema, vile alivyokisema, hata kama ni kibaya.

Mdogo wako anayekupenda, na leo mwenye wivu kuliko watu wote wa mji huu,

Salome