Twiga wa Zaituni

Mjukuu wangu Idrisa,

Marahaba, mume wangu. Huku Kondoa tunaendelea. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na alizeti tumeshavuna.

Umeuliza kwa nini, siku shule yenu ilipowaleta watoto na wazazi kuona michoro ya mapangoni, mimi nilibaki chini na vikapu vya chakula. Ulidhani ni magoti.

Hayakuwa magoti. Nilipokuwa na umri wako, mwalimu alitupeleka palepale. Mdogo wangu Zaituni alitufuata, naye macho yake yalikuwa dhaifu. "Dada, mimi naona jiwe tu," alisema, karibu kulia. Basi nikafanya kama nilivyowaona wakubwa wakifanya: nikalimwagia jiwe maji ya kibuyu. Twiga akatokea, mwekundu, kama amechorwa asubuhi ile. Zaituni akapiga makofi. "Tena, dada!" Tangu hapo, kila tulipokwenda kuokota kuni, nilimwaga tena.

Mwaka uliofuata Zaituni hakuufikia. Wala sikujua kwamba maji yale yalikuwa yanamfuta yule twiga.

Siku ile uliposhuka uliniambia, "Bibi, kuna jiwe walisema lilikuwa na twiga, lakini hatukuona kitu." Nikajifanya napanga sahani.

Ukija likizo nitapanda nawe. Nitakuonyesha kwa kidole, bila kugusa, shingo yake ilipopita, na mahali Zaituni aliposimama.

Bibi yako