Eko Mbili Tu

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekunja nyaya karakanani, nimejaribu maiki zote. Mbili zinakwaruza, nimezitenga. Vumbi la mtaa wetu wa Kihonda linaingia hadi kwenye soketi.
Jumapili tunapiga mitambo ya sauti kwenye jubilei ya padre, kijijini mlimani. Mjomba Kondo amesema wazi: mikisa ya kidijitali, mashine ya kuchanganya sauti, ikizima siku hiyo, anaiuza, tunarudi kwenye ile ya zamani. Mimi ndiye niliyemshawishi tuinunue. Anaiita "mgonjwa wako".

Jumatano, 13 Agosti
Mazoezi na kwaya ya jubilei, darasani. Waimbaji kumi na wawili, kila mmoja anataka eko yake, mwangwi wa kurefusha sauti. Mwimbaji wa huku asiposikia eko anajiona kapandishwa jukwaani bila nguo. Nikawapa. Kila eko inakula nguvu ya prosesa, ubongo wa mashine. Vichujio vya kuzuia maiki zisipige mluzi navyo vinakula. Mstari wa mzigo kwenye skrini ukapanda: kijani, njano, nyekundu. Sauti ikakwaruza, ikafa. Kwaya nzima ikanigeukia.
Mjomba alikuwa mlangoni. "Mgonjwa kazimia," akasema. Wakacheka. Aibu tupu.

Alhamisi, 14 Agosti
Asubuhi yote na mashine. Nawasha kitu kimoja, naangalia mstari, nazima. Vichujio haviguswi, spika zitapiga mluzi. Kinachobaki ni eko. Nikaweka moja ya pamoja, sauti zote zipitie humo. Mstari ukashuka hadi kijani. Nilifurahi peke yangu kama mwehu.
Jioni kwaya ikaja kujaribu. Haikuzima. Ila Mama Skola, anayeongoza nyimbo, alinyamaza katikati ya ubeti.
"Binti, mbona eko yangu inafanana na ya Leokadia?"
Leokadia, anayepokezana naye, hakugeuka hata. "Ushukuru, mama. Umepandishwa daraja."
Wale kumi nao wakaamka: na sisi je? Mazoezi yakavunjika. Mjomba anasema mteja ni mteja, kila mtu apewe yake. Nikifanya hivyo mashine inakufa. Nina hasira na kila mtu.

Jumamosi, 16 Agosti
Tumepandisha mitambo kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo. Ibada itakuwa nje, uwanja wa kanisa uko ukingoni mwa bonde. Ng'ambo kuna mlima mwingine, kabichi hadi juu.
Nikajaribu maiki. "Moja, mbili." Mlima ukajibu: mbili. Nikarudia. Ukajibu tena, taratibu, bila kufunika maneno.
Nikaketi juu ya boksi la spika. Nikafikiri.
Uamuzi: spika kubwa hazipati eko hata kidogo. Bonde litatoa. Naweka eko mbili tu, kwenye spika ndogo za miguuni, moja ya Mama Skola, moja ya Leokadia, wajisikie wenyewe. Wengine watasikia mlima.
Nilimweleza Mjomba. Akatikisa kichwa, akaenda kuhakikisha mikisa yake ya zamani imo ndani ya kirikuu. Ameibeba kama akiba. Imeniuma.

Jumapili, 17 Agosti
Haikuzima.
Hofu ilinishika wakati wa matoleo. Wanawake wanapanda na ndizi, kabichi, mbuzi, vigelegele, ngoma, maiki zote zimefunguliwa. Mstari ukagusa njano. Ukarudi kijani, ukakaa hapo hadi mwisho.
Kwaya ilipomaliza wimbo wa shukrani, bonde likarudisha neno la mwisho. Watu wakageuka kuutazama mlima. Kisha wakapiga makofi, na mlima nao ukapiga.
Nilimwamkia Mama Skola wakati nakusanya maiki. "Marahaba. Leo umenipa eko ya maana. Kumbe siku zote ulikuwa unanibania." Leokadia, nyuma yake, akanikonyeza. Yeye amejua ni kazi ya mlima.
Mwalimu wa kwaya ya kigango cha jirani ametuomba tuwapigie mitambo Krismasi. Alimwendea Mjomba. Mjomba akamwambia, "Ongea na fundi," akaninyooshea kidole.
Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Jumanne, 19 Agosti
Nimekunja nyaya. Maiki mbili zilizokuwa zinakwaruza nimezichomea waya, ziko sawa.
Mikisa ya zamani haipo mezani. Mjomba ameishusha hadi rafu ya chini, kaifunika gunia. Mgonjwa wangu yuko mahali pake, kafutwa vumbi kabla sijafika.
Mjomba alikuwa nje, anakunywa chai.
Nikachomeka umeme. Mstari ukawaka, kijani.