Ufunguo wa Kanisa

Tawa, Jumamosi, Agosti 1992

Nimesema uongo, tena mlangoni pa kanisa.

Mawakili wa haki za binadamu walifika kutoka Nairobi kuandika taarifa za watu waliopigwa na askari wa chifu, ili waishtaki serikali. Mchungaji alikuwa amewaruhusu kutumia kanisa. Lakini jana chifu alipita kwangu, maana ufunguo ninautunza mimi. "Mzee, kesho usifungue hilo kanisa."

Leo nikawaambia wageni ufunguo umepotea. Ulikuwa mfukoni mwangu.

Wakakaa nje juani, juu ya mawe. Mama Mwende, ambaye kijana wake alivunjwa mkono, alieleza yote bila kushusha sauti, na karani wa chifu akimtazama kutoka ng'ambo ya barabara. Wakamsomea taarifa, akatia alama ya kidole gumba. Na mimi, mwanaume mzima, mzee wa kanisa...

Walipomaliza, Mama Mwende akasema tuombe. Aliwaombea mawakili, akamwombea hata chifu. Kisha akanishika mkono.

"Na mzee wetu, ee Ngai Mungu wetu, msaidie aupate ufunguo."

Nikaitikia amina.