Niliziba Bomba la Bwawa, Maji Yakaingia kwa Dada

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinitaje maana dada yangu husoma ukurasa huu kabla hata ya matangazo ya vifo. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nimechoka, na nilichimba bwawa la samaki kando ya nyumba nipate pa kukaa bila kusikia mashine, nikaweka na bomba la kutolea maji yanayozidi, likawa linamwaga kwenye mfereji unaopita jikoni kwa mdogo wangu huyo, mjane, fundi cherehani, ambaye nyumba yake iko chini ya mteremko kwenye kiwanja hichohicho tulichoachiwa na baba. Basi mvua ya kwanza samaki wakatoka na maji, naye akatega ungo, nilipoteremka nikamkuta anakaanga, nikamwuliza, "Hao si samaki wangu?" akanijibu, "Kaka, wamekuja wenyewe mpaka mlangoni, niwafukuze wageni?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, mimi sikucheka, kesho yake nikaliziba bomba kwa gunia na saruji nikajiona mjanja. Mvua kubwa ilipokuja bwawa likajaa, maji yakakosa pa kutokea, yakabomoa ukingo yakashuka yote kwake, sare za shule alizokuwa anashona zikaelea, na ukuta wa chumba anacholala umepata ufa unaoingia vidole. Hajanitukana, mshauri, afadhali angenitukana, kila asubuhi alikuwa ananiamkia shikamoo, siku hizi ananiambia, "Habari za leo, jirani." Mvua zinakaribia tena. Mke wangu anasema nilifukie bwawa, rafiki yangu mwashi anasema niinue ukingo, na mimi nauliza, nikiuinua yatakwisha?

Mchomeleaji Aliyechoka

*

Mchomeleaji, pole kwa uchovu. Pole kubwa zaidi namwekea anayelala karibu na ufa.

Hayatakwisha. Ukiinua ukingo na bomba limezibwa, unaongeza tu maji yatakayomwangukia mdogo wako siku ukingo ukipasuka. Kazi yako ni kutengenezea watu milango, halafu maji ukayajengea chumba kisicho na mlango, kwa ajili ya samaki wa kikaango kimoja! Mtu mzima, ndugu yangu.

Leo hii punguza maji bwawani, polepole, kuelekea barabarani na si kwake. Mwombe ahamie chumba cha mbele, au aje kwenu, mpaka mwashi wako aujenge upya ule ukuta. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Bwawa litasubiri, samaki hawana haraka.

Kisha vunja hiyo saruji. Weka bomba pana kuliko la kwanza, mdomo wake ukae shubiri mbili hivi chini ya usawa wa ukingo, maji yatoke kabla hayajafikiria kupanda. Samaki wazuie kwa kizimba cha wavu wa chuma, kikubwa, kisigusane na mdomo wa bomba, ili majani yakinasa upande mmoja maji yapite mwingine. Kuchomelea unajua, kwa hiyo hapo sipokei kisingizio. Bomba liende mpaka mtaro wa barabara, ukishawauliza wanaousimamia, na pale maji yanapoangukia panga mawe yasichimbe shimo jipya. Na wavu usafishe mwenyewe, hata ukiwa umechoka. Sote tumechoka.

Kwa mdogo wako nenda mwenyewe, usimtume wifi yake. Habari za ungo usiziguse kabisa. Sema, "Nimekuharibia nyumba, nimekuja kuijenga," halafu nyamaza, na asipokujibu endelea kunyamaza.

Limebaki moja. Hata bomba zuri lina siku yake ya kuziba. Kwa hiyo kwenye ukingo acha sehemu pana, juu kidogo ya bomba lakini chini ya ukingo wenyewe, ipande nyasi, maji yapite hapo siku bomba likishindwa. Mwashi atakuuliza ielekee wapi. Mwambie ipite uani kwako, mbele ya mlango wako, ndipo ifike barabarani. Ukijikuta umeanza kuyatafutia maji upande mwingine, kaa kidogo ukingoni hapo na uutazame ule mlango wa mdogo wako kule chini.